Dakika ya Ishirini na Sita

Mayfair, Johannesburg
14 Februari 2016

Kaka yangu Shehe,

Assalamu alaykum. Naanza kwa kuuliza miguu ya Mama, maana barua yako ya mwisho ilisema imevimba. Kisha naulizia macho yako, kisha binamu yetu Tumu na wanawe hapo uani. Sisi wazima. Shemeji yako Karimu anakusalimu sana. Bado analinda nyumba za watu kule Observatory, na kila akilala anaota Tanga kwao. Mimi na cherehani yangu, mabuibui na sare za madrasa. Binti yetu Ummi amemaliza shule na amefaulu, alhamdulillahi. Ana miaka kumi na minane na ananizidi kimo.

Najua simu huipendi kwa maneno ya maana, ndiyo maana nampa Bakiri barua hii. Anapeleka mzigo wake wa nguo kwa basi mpaka Tanga, na kutoka hapo atatafuta mtu wa Mombasa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna grupu la WhatsApp la watu wa Barawa, linaitwa Lugha ya Mwini, jina la Kiswahili chetu cha Barawa. Tumo watu mia nne: London, Manchester, Toronto, Jeddah, na sisi wachache wa hapa. Mwenye kulianzisha ni Ustadh Nureni, yule mwana wa nyumba ya pili kwetu. Nadhani mlikuwa rika moja. Kila Ijumaa huweka neno la kwetu na watu hujibu siku nzima. Nimecheka na nimelia humo, Kaka. Hapa Mayfair Wasomali wakitusikia wanauliza sisi Wasomali gani tunaosema Kiswahili. Watanzania nao wanauliza hicho Kiswahili gani. Mle ndani hakuna anayeniuliza kitu.

Lakini Ummi aliandika neno moja, "chakula", wakamcheka. "Chakuja, binti. Hicho chakula umekitoa Tanga kwa baba yako." Akajitoa. Akaniambia, "Eish, Mami, hawa watu hawanitaki." Akalisema hilo kwa Kiingereza, kama anavyosema kila kitu.

Nataka asikie lugha yetu kutoka kwa bibi yake. Mrekodi Mama akizungumza, unitumie kwenye simu. Chochote: mapishi, kofia, harusi.

Na kama ipo picha yoyote ya dada yetu Duni, hata iliyokatika, niletee. Mlinipeleka Mombasa mbele yenu vita vya Somalia vilipoanza, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa uso wake unanipotea.

Nduguyo,
Zuhura


Majengo, Mombasa
3 Aprili 2016

Mdogo wangu Zuhura,

Waalaykum salaam. Barua yako ilikaa Tanga siku kumi na mbili, lakini imefika bila kufunguliwa. Miguu ya Mama imepungua. Macho yangu yako vile vile, wanafunzi wa madrasa wanajua nikiwaangalia simwoni yeyote na wanafurahi. Tumu mzima. Mpe Ummi hongera, na umwambie mjomba wake anamwombea dua.

Nimemrekodi Mama. Simu aliishika kama mkate uliotoka motoni. Akaniuliza, "Nani yumo humu?"

"Watu wa kwetu, Mama."

"Wangapi?"

"Mia nne."

"Mia nne, na wote wa kwetu?"

"Wote."

Akaanza habari za kushona kofia, na hakusimama mpaka adhana ya alasiri. Nimekutumia vipande vitano. Utamsikia anavyosema "chisu". Miaka ishirini na mitano Mombasa, na kisu bado hakijaingia kinywani mwake.

Nina sharti moja. Waulize habari za jikoni na kazi za mikono. Mwaka tuliotoka Barawa asiulizwe na mtu. Ana miaka sabini na sita, na usingizi wake si mwingi. Na mimi katika grupu hilo usinitie. Wala usiseme kwamba sauti nimerekodi mimi.

Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja. Nitalitazama.

Kakako,
Shehe


Mayfair
10 Julai 2016

Kaka Shehe,

Eid mubarak, na Mungu apokee mfungo wenu. Tuliswali Eid hapa mtaani, msikiti ukajaa mpaka watu wakatandika mikeka barabarani, magari yakageuzwa kwenye robot, hizo taa za barabarani. Karimu alipata ruhusa ya siku moja. Nilipika mkate wa sinia kwa maneno ya Mama, nikisimamisha sauti na kuirudia.

Laiti ungeona watu walivyompokea! Mwanamke mmoja wa Toronto alisema alisimamisha gari kando ya njia akalia. Wengine wanamwita "mama yetu sote". Ustadh Nureni mwenyewe aliandika kwamba Kimwini safi kama hiki kitakwenda na watu wa rika hili tusipokihifadhi. Ummi anasikiliza akiosha vyombo. Juzi alisema "chakuja" bila kujua kwamba namsikia.

Na nina habari kubwa. Ummi ameposwa. Kijana anaitwa Mahadi, mtoto wa Bi Khamsa, mjane anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Marehemu baba yake ni kaka yake Ustadh Nureni, kwa hiyo Nureni ndiye ami yake na ndiye msemaji wao. Kijana ana adabu, ana duka lake, na Ummi anampenda. Nimewauliza wenyewe. Kaka, watu wetu hasa, wa mtaa wetu hasa! Tulidhani atatuletea nani?

Tunataka Mama arekodi maneno ya harusi. Wanavyopakwa hina bwana na bibi harusi, nyimbo, dua, vyote.

Jambo moja limenikaa moyoni. Mtu asiyejulikana aliandika kwenye grupu, "Huyu si mama yake marehemu Duni?" Nilipotaka kumjibu nikakuta amefuta. Kwa nini afute? Duni alikufa kwa homa chomboni mkija Mombasa. Kuna nini cha kufuta hapo?

Hukunijibu kuhusu picha.

Zuhura


Majengo
20 Oktoba 2016

Mdogo wangu,

Salaam. Nimechelewa. Paa limetengenezwa. Mama alikuwa na homa, sasa amepona lakini sauti imekauka, kwa hiyo ya harusi siwezi kumrekodi.

Kuhusu Ummi, sina la kusema juu ya kijana, simjui. Lakini nakuuliza: lazima iwe nyumba ile? Johannesburg nzima hakuna mwanamume mwingine? Kama hamjatoa neno la mwisho, rudini nyuma. Nisiulizwe sababu.

Picha hakuna. Tulitoka na nguo za mwilini.

Nisamehe kwa ufupi.

Shehe


Mayfair
22 Januari 2017

Kaka,

Assalamu alaykum. Mama nimemuulizia kwa Tumu, kwa hiyo hapa simuulizii. Karimu mzima. Ummi mzima, na laiti mngejua kuzungumza nami nyote wawili, wewe na yeye.

Barua yako ya Oktoba ilinikasirisha. Neno la mwisho tulikuwa tumeshalitoa, na wewe unaniambia nirudi nyuma kisha nisiulize kwa nini, kama mimi bado ni yule mtoto mliyempandisha chomboni na shangazi. Basi nilikuzunguka. Nilimwomba Tumu amrekodi Mama wakati wewe uko madrasa. Sauti ya Mama haikuwa imekauka, Shehe. Alizungumza dakika arobaini.

Nilisikiliza kumi za mwanzo. Hina, ubani, nguo za bibi harusi, vicheko vya Mama na Tumu. Nilikuwa na mabuibui sita ya kumaliza. Nikaituma yote kwenye grupu. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Baada ya saa moja hivi simu ikaanza kulia haikunyamaza. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nakuandikia yaliyomo katika dakika ya ishirini na sita, kama yalivyo, usije ukaniambia sikusikia vizuri.

Tumu anamuuliza, "Na Duni hina yake ulimpaka wewe?"

Mama anasema: "Duni hakupakwa hina. Siku tatu tulijifungia. Wale wenye bunduki walikuwa wakipita wanapiga kelele kwa lugha yao, hatufungui. Walipiga mlango mateke, hatufungui. Alasiri ya siku ya tatu mlango ukagongwa taratibu. Kwa lugha yetu. 'Mama, fungua, ni mimi Nureni.' Nureni alikula kwangu tangu hajaota meno. Nikafungua. Nyuma yake walikuwa saba. Duni alikuwa amekaa pale, ametoka kuosha nywele, hata hazijakauka."

Kisha Tumu anasema, "Basi, Mama, basi," na Mama anaendelea kusema jina la Duni mpaka Tumu anazima.

Sauti ilifutwa na wenye grupu jioni ile ile. Lakini watu walikuwa wamesikia. Wengine waliandika kwamba hili ni grupu la lugha, haya mengine yana mahali pake. Wengine kwamba uzee una mambo yake. Yule wa Toronto aliyelia kwa habari za kofia aliandika, "Tafadhali tusiharibiane majina." Nureni aliandika kwa upole mwingi kwamba hana kinyongo, tumwombee mama yetu, kumbukumbu ya wazee huchanganya watu na siku. Watu mia wakasema amina.

Siku ya pili Bi Khamsa akaja. Hakukaa. Akaniambia, "Zuhura, mimi sitaki kujua. Mwanangu ana miaka ishirini na minne, mwaka ule hakuwa amezaliwa. Wala Ummi hakuwa amezaliwa."

Nikamwambia, "Ni kweli."

"Basi andika mstari mmoja tu. Kwamba mama yako amekuwa msahaulifu. Shemeji yangu ataridhika, na harusi itakuwa Aprili kama tulivyopanga. Usipoandika, sitaweza kumzuia asiivunje."

Ummi alikuwa chumba cha pili. Amesikiliza ile sauti, lakini pale Mama anaposema haraka hafuati. Aliniuliza, "Bibi anasema nini hapa?" Nikamwambia ni habari za zamani.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Hupokei. Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi. Mlikuwa nyumbani siku ile, wewe na Mama na Duni. Ni kweli au si kweli? Nijibu kabla ya mwisho wa Machi.

Zuhura


Majengo
2 Machi 2017

Zuhura,

Salaam kwako na kwa shemeji. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Simu niliziona zote. Sikuweza kulisema hili huku nikisikia unavyopumua.

Ni kweli, neno kwa neno.

Duni walimchukua. Siku ya nne wakamrudisha mlangoni. Hakusema na mtu tena. Siku kumi na moja baadaye tulipata chombo, na chomboni akashikwa na homa, akakataa maji, akafa kabla hatujaona Lamu. Homa haikuwa uongo. Uongo ni kwamba hadithi tuliianzia kwenye homa. Mama ndiye aliyesema tuseme hivyo, ili jina la mwanawe lisitembezwe midomoni. Nikakubali, na wewe ulikuwa mtoto.

Nureni walimpiga kwanza. Nilimwona, shati lake lilikuwa jekundu hapa shingoni. Walikuwa na baba yake nje, wamempigisha magoti. Hilo Mama halijui, au halitaki. Mwaka 1994 Nureni alikuja Mombasa, akanitafuta katika kambi ya wakimbizi, akalia mbele yangu kama mtoto. Nikamwambia yamekwisha. Tukapeana mkono kwamba hatutalitaja. Utaniuliza nilikuwa na haki gani ya kusamehe jambo ambalo si langu. Sikuwa na haki. Lakini ilibidi nimsamehe haraka, kwa sababu yuko mtu mwingine wa kusamehewa.

Mama anasema "nikafungua". Alivyosema hivyo ndivyo anavyosema siku zote, hata kwangu. Lakini yeye hakutaka kufungua. Alisimama na mkono kwenye komeo akanigeukia. Akaniuliza, "Shehe, nifungue?" Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba hayupo, mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Sauti ile nilicheza nayo mpira, nilisoma nayo chuoni. Nikasema, "Fungua, ni Nureni."

Kisha nilipoona bunduki nilipanda darini. Nilikaa juu, nikasikia yote.

Sasa unajua kwa nini sikutaka nyumba ile. Kila Nureni akitajwa natajwa mimi. Usiandike mstari wanaoutaka. Mama hajasahau kitu, anakumbuka hata rangi ya kitambaa alichojifungia Duni. Vunja harusi hii, umwambie Ummi kwamba kosa ni la mjomba wake.

Barua nampa mtu wa Tanga amfikishie Bakiri.

Shehe


Mayfair
11 Juni 2017

Shehe,

Tuko katikati ya mfungo. Mungu atupokelee, kama bado anapokea kutoka nyumba hii.

Barua yako imenifikia tarehe 29 Mei. Bakiri alizuiliwa mpakani kwa ajili ya mzigo, akarudi Tanga, akaugua huko, na barua ilikuwa ndani ya mkoba wake muda wote. Ummi ameolewa tarehe 15 Aprili.

Mstari niliuandika, tarehe mbili Aprili, baada ya kungoja mpaka siku uliyopewa ipite. "Mama yangu ni mzee, kumbukumbu zake zimechanganyika, naomba radhi kwa niaba ya familia." Nikauweka kwenye grupu. Nureni akanijibu kwa dua ndefu.

Siku ya harusi alipiga simu kutoka London, wakaiweka sauti juu, ukumbi mzima ukasikia. Aliwaombea maharusi kwa lugha yetu. Sijapata kusikia mtu anaisema vizuri vile isipokuwa Mama. Wanawake walilia kwa uzuri wake. Na mimi nilikuwa nimesimama na sinia la halwa mikononi, nikiisikiliza sauti, nikajua kwa nini mlango ulifunguka.

Sitakudanganya kwamba barua yako ingenizuia. Labda ingenizuia. Lakini kwamba Mama anasema kweli nilikuwa nimeshajua kwa kumsikia, na mstari nikauandika hivyo hivyo. Barua yako haikuniletea jipya ila lile la kwako.

Na kwa hilo la kwako nakuambia hivi. Kusema "fungua" sikulaumu. Ningesema mimi, angesema mtu yeyote. Nakulaumu kwa simu. Simu ulikuwa nayo mfukoni, ukachagua karatasi, ukampa mtu ambaye humjui amtafute mtu mwingine. Wewe hukutaka barua ile ifike kwa wakati. Ulipanda darini mara ya pili.

Mama amesikia nilichoandika? Niambie hilo tu.

Zuhura


Majengo
19 Novemba 2017

Zuhura,

Salaam. Umeuliza jambo moja, nalijibu hilo.

Mama amesikia. Mwezi wa saba wanawake walikuja kumjulia hali, mmoja wao ana mtoto wake London. Akamwambia kwa huruma, "Tumesoma aliyoandika binti yako, pole kwa kusahau." Mama akauliza, "Zuhura kasema nimesahau?" Wakamsomea. Akasikiliza, akasema, "Basi nimesahau."

Tangu siku hiyo ndilo jibu lake. Tumu akimuuliza chumvi iko wapi, anasema nimesahau. Watoto wakimwomba hadithi, amesahau. Tena analisema kwa Kiswahili cha sokoni, kama anavyosema na muuza samaki. Ya kwetu haisemi tena, hata kwenye dua.

Mwezi uliopita nilikaa chini miguuni pake. Nilimwambia, "Mama, siku ile mimi ndiye niliyesema ufungue. Nimekuja kuomba radhi." Ni mara ya kwanza kulitamka katika miaka ishirini na sita. Akaniwekea mkono kichwani.

Akasema, "Nimesahau, baba."

Hayo uliyosema juu ya simu na dari ni kweli.

Shehe


Mayfair
9 Septemba 2018

Kaka Shehe,

Assalamu alaykum. Natumai hitima ya arobaini ya Mama ilikwenda vizuri. Tumu ameniambia watu walikuwa wengi na kwamba kaburi mmelijengea vizuri. Karimu anakupa pole tena. Amepunguziwa siku za kazi, na mimi wateja wamepungua, nitakueleza kwa nini. Jirani yangu wa ukutani, Thérèse, yule Mkongo anayesuka nywele, ndiye anayeniletea watu wa kushonesha. Wanataka gauni za kanisani. Nashona.

Barua yako ya Novemba sikuijibu. Kila siku nilikuwa nikisema nitampigia Mama nimwombe radhi kwa kinywa changu, na kila siku nilikuwa naogopa atakachonijibu. Mwezi wa saba Tumu akapiga yeye. Kwa hiyo kuhusu simu sote wawili tuko sawa sasa.

Alipokufa, grupu lilijaa rambirambi. Nureni aliandika maneno mazuri, kisha akaweka sauti ya Mama. Ile ya hina. Wameikata ikaishia dakika ya kumi, pale anapocheka. Wakaandika chini yake: Hazina ya lugha yetu. Watu walilia tena, wa Toronto akalia tena.

Nikaiweka yote, dakika arobaini. Chini yake nikaandika kwa lugha yetu: "Mama yangu hakusahau kitu. Mimi binti yake nilisema uongo nipate kumwoza mwanangu. Anayetaka maneno yake ayachukue yote." Sikulitaja jina lako. Nilitolewa kabla sijaweka simu mezani. Bi Khamsa hasemi nami. Wanawake wa mtaa wakipita dukani kwangu wanatazama upande wa pili, wala hakuna aliyeniuliza kama ni kweli.

Ummi alikuwa na mimba ya miezi tisa. Alijifungua Agosti mosi, mtoto wa kike, na habari nimepewa na Thérèse, aliyesikia saluni. Nilikwenda na supu. Bi Khamsa alifungua mlango kidogo.

"Mtoto amelala," akasema.

"Nitangoja aamke."

"Na mama yake amelala."

Nikaisikia sauti ya Ummi ndani, anazungumza na mtu. Nikarudi na supu yangu.

Jumamosi iliyopita akaja mwenyewe dukani na mtoto kifuani. Thérèse alikuwepo, akatoka bila kuambiwa. Ummi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia kwamba sauti ile mumewe alikuwa ameifuta katika simu yake, akaitafuta kwa rafiki yake mpaka akaipata, na ameisikiliza chooni, mlango amefunga.

"Mwaka jana nilikuuliza Bibi anasema nini," akasema. "Sasa naelewa kila neno."

Kaka, alilisema kwa lugha yetu. Si "chakuja" peke yake. Sentensi nzima, na nyingine baada yake, bila kukwama. Mwaka mmoja na nusu katika nyumba ile wamemfundisha. Hawazungumzi nyingine pale ndani, ni watu wanaoitunza. Ndicho kitu nilichokitaka tangu alipozaliwa, na nilikisikia nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya gauni la watu.

Akaniuliza, "Ulijua kabla ya harusi?"

"Nilijua."

"Na Mahadi?"

"Simjui Mahadi alijua nini. Mama yake hakutaka kujua."

Akanipa mtoto nimshike. Nilimshika. Ana nywele nyingi. Jina amechagua Nureni kwa simu, sitaliandika hapa, Tumu atakuambia. Nikamweleza Ummi yote, hata yako, maana uliniagiza nimwambie kosa ni la mjomba wake. Nilimwambia makosa ni ya wengi na la mwisho ni langu. Alisikiliza bila kulia. Kisha akasema, "Mami, kwa nini uliniozesha kwao?"

Nilitafuta jibu katika lugha zote ninazozijua. Nilikuwa na kweli moja tu, kwamba niliona haya kuwarudishia watu posa, na kwamba nilifurahi mno kupata watu wa kwetu. Hilo halikutoka mdomoni.

Akangoja. Mtoto akaanza kulia, akamchukua, akamfunika vizuri kwa sababu ya upepo. Akavuka barabara akarudi nyumbani kwa mumewe.

Wasalimie Tumu na wanawe.

Zuhura